Kuchagua tanki wa kucheza naye ukiwa Kusini: mwongozo kamili

Tanki wangu wa kwanza kwenye gemu ya mtandaoni, yaani mhusika anayesimama mbele ili apigwe yeye badala ya wenzake, nilimchagua kwa sababu ya upanga. Ulikuwa mweusi, mrefu kuliko mwenye nao, unaning'inia mgongoni. Miezi yote kabla ya hapo nilikuwa mpigaji wa mkuki, nimejificha nyuma ya wenzangu, na usiku huo nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya duka langu la ufundi simu hapa Chikongola, saa 4 usiku, mteja wa mwisho ameshaondoka na kioo chake. Nikasema huyu ndiye. Wiki tatu baadaye watu watatu nisiowajua, kutoka nchi nisizozijua, walikuwa wamelala chini ndani ya pango kwa kosa langu, na mmoja wao akaandika maneno ambayo nilishukuru Mungu bi mkubwa hajui Kiingereza.

Upanga nauondolea lawama. Nilichagua kwa macho, wakati sisi tunaochezea Mtwara au Lindi, na seva (kompyuta zinazoendesha gemu) ziko Ulaya, tunabanwa na mambo mawili: mtandao wako unachelewa kiasi gani, na mkono wako unafanya nini ukishtuka. Sura, hadithi na rangi ya ngao vinakuja baada ya hapo. Tangu wakati ule nimeshawasaidia wenzangu sita kuchagua, wanne hapa mjini, mmoja Lindi na mmoja Masasi, na utaratibu ninaoufuata nao ni huu.

Hatua ya 1: Jua unaajiriwa kazi gani

Nilipomwambia mama kwamba mimi ni tanki, aliuliza la lita ngapi. Kwa hiyo nianze mwanzo kabisa.

Kundi linaloingia pangoni, yaani eneo la gemu lililojaa maadui, huwa na watu wachache waliogawana kazi. Kwenye Final Fantasy XIV ni wanne: tanki mmoja, mponyaji mmoja (kijiweni tunamwita mganga) na wapigaji wawili. Kwenye World of Warcraft ni watano, wapigaji wakiwa watatu. Tanki ndiye anayetakiwa kupigwa. Adui akimwacha akamfuata mganga, mganga anakufa, na baada ya hapo kufa kwa wengine ni suala la muda tu.

Adui hachagui wa kumpiga kwa bahati nasibu. Ana daftari, kama lile la mikopo la muuza duka wa mtaani. Kila anayemuumiza anaandikiwa deni. Hata mganga anayemtibu mwenzake anaandikiwa, ila kidogo. Mwenye deni kubwa ndiye anayefuatwa. Deni hilo tunaliita chuki, na kwenye skrini ya Final Fantasy utalikuta kwa jina la enmity. Tanki ana hali maalumu ya kuwasha, ambayo ikiwaka, kila pigo lake linaandikwa mara kadhaa ya thamani yake. Gladiator na Marauder, matanki wawili wa kuanzia wa Final Fantasy, wanaipata levo ya 10. Kusahau kuiwasha ni kosa la kila tanki anayeanza, kwa hiyo ifanye kama kufunga mkanda: kabla ya pango, tazama, imewaka, twende.

World of Warcraft imeongeza kauhuru kidogo kwa wapigaji. Kama una chuki ya 1,000 kwa adui, mpigaji wa karibu hamvuti adui huyo mpaka apite 1,100, na wa mbali mpaka apite 1,300. Ndiyo maana mpigaji mwenye adabu anasubiri sekunde mbili tatu kabla ya kufungulia bomba.

Halafu kuna kitufe cha uchokozi, kinachomrudisha kwako adui aliyepotea. Wanaoanza wanakitegemea mno. Uchokozi unakupandisha juu ya daftari, lakini usipoendelea kupiga, mpigaji anakupita tena. Ni kiraka tu. Usikigeuze kuwa ndiyo namna yako ya kucheza.

Na jambo ambalo halimo kwenye maelezo ya vitufe vyovyote: tanki ndiye anayeshika usukani. Yeye anaamua tunaenda lini, tunasimama wapi, adui anaangalia upande gani. Bosi wengi, yaani maadui wakubwa wa pango, hupiga kile kilicho mbele yao kwa upana, kwa hiyo unamgeuzia uso ukutani na mgongo kwa wenzako, kisha unatulia. Tanki anayezungukazunguka na bosi kama anacheza sindimba anawaumiza watu wake mwenyewe. Kama kuongoza watu usiowajua kunakukosesha raha, kuwa mpigaji. Hakuna aibu, na gemu zinawahitaji wao kuliko wote.

Hatua ya 2: Kifaa na mfuko

Kama una simu tu, chaguo la maana ni Albion Online, iliyoingia kwenye simu Juni 2021 na ambayo haina malipo ya kuanza. Humo hakuna klasi (aina ya mhusika) ya kuchagua siku ya kwanza: ulichovaa ndicho ulicho. Ukivaa deraya la bamba na kushika rungu, wewe ni tanki. Ukibadilisha nguo, umekuwa mganga. Ni shule nzuri, mradi ubaki kwenye maeneo ya rangi ya buluu na njano. Ukiingia maeneo mekundu au meusi ukauawa na mchezaji mwenzako, mwili unapekuliwa na vitu vyako vinaondoka. Mwenzangu wa Lindi alipoteza deraya la wiki mbili kwa dakika moja, akazima simu, akaenda kulala bila kuaga.

Kama una laptop yenye nguvu ya wastani, au PlayStation 4 au 5, Final Fantasy XIV ndiyo ninayoipendekeza kwa anayejifunza utanki. Sababu ni ya mfukoni. Jaribio lake la bure halina kikomo cha siku, na linakufikisha levo ya 70 pamoja na nyongeza mbili kamili, Heavensward na Stormblood. Vizuizi vipo: pesa ya ndani ya gemu haipiti gil 300,000, huruhusiwi kutumia soko, wala kujiunga na chama. Kwa kazi ya kujifunza kushika ngao, havikusumbui. Ila angalia hapa: ukishainunua kwa akaunti hiyo, huwezi tena kurudi kwenye jaribio, na baada ya siku za mwanzo ada ya kila mwezi inaanza. Usibonyeze kununua kwa furaha ya usiku mmoja.

World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, inakuruhusu kucheza bure hadi levo ya 20. Inatosha kuonja, haitoshi kuamua.

Kupakua ndiko kunakomaliza bando, maana ni makumi ya GB. Kucheza kwenyewe hula kidogo sana, makumi ya MB kwa saa. Mimi nilipakua kwa bando la usiku kwa siku nne. Binamu yangu wa Mikindani akawa mjanja: alikuja na diski ya nje, akanakili folda yote kutoka kwangu, akabaki na viraka vya masasisho vya kupakua tu.

Hatua ya 3: Pima mtandao wako, usiukisie

Miongozo mingi inatuacha hapa, kwa sababu imeandikwa na watu ambao kwao seva ni kama iko mtaa wa pili.

Kwangu, ujumbe kwenda Ulaya na kurudi huchukua milisekunde 180 usiku ukitulia. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye video, hupanda hadi 260. Wakati huohuo ndipo Wazungu wanaporudi kutoka kazini na mapango yanapojaa, kwa kuwa saa zetu zimewatangulia kwa saa moja au mbili kutegemea majira yao. Kwa hiyo saa yako mbaya ya mtandao na saa nzuri ya kupata watu ni ileile. Tanki ana nafuu moja: matanki ni wachache, hivyo hata saa 11 alfajiri, Mtwara kuchele, unaweza kupata kundi haraka huku wapigaji wakisubiri foleni.

Sasa hesabu, na hii ndiyo sehemu ambayo ningetamani mtu aninong'oneze siku ile ya upanga.

Kwenye Final Fantasy XIV mapigo makuu huja kila sekunde 2.5. Katikati yake unachomeka vitufe vya papo hapo: kinga, mapigo ya ziada, uchokozi. Kila kitufe, kikiwemo cha pigo kuu, hukufunga mikono kama sekunde 0.6, na juu yake unaongezewa muda wa safari ya mtandao wako. Ukiwa na milisekunde 200, kila kitufe kinakugharimu sekunde 0.8. Pigo kuu moja na vitufe viwili ni 0.8 mara tatu, yaani 2.4. Umepenya, kwa tundu la sindano. Ukiwa na 260, ni 0.86 mara tatu, yaani 2.58. Umechelewa, na pigo lako linalofuata limesukumwa mbele. Pango zima likienda hivyo, chuki yako inapungua, mpigaji anakupita, nawe unashangaa umekosea wapi wakati vidole vyako havikukosea chochote.

Jipime hivi. Nenda kwenye sanamu la mazoezi nje ya mji. Piga pigo kuu, bonyeza vitufe viwili vya papo hapo haraka, kisha tazama duara la pigo kuu. Likijaa na wewe bado umefungwa, mtandao wako ni wa kitufe kimoja kati ya mapigo. Rudia saa 2 usiku, halafu saa 6 usiku. Andika. Kwenye World of Warcraft ni rahisi zaidi: weka kishale juu ya kitufe cha menyu, namba za milisekunde zitajitokeza.

Namba kubwa iliyotulia ni afadhali kuliko ndogo inayoruka. Mkono unazoea 250. Hauwezi kuzoea 150 ambayo ghafla inakuwa 900.

Kuhusu alama za rangi ya chungwa zinazotokea ardhini: seva inaamua nani amepigwa pale mstari wa maandalizi wa adui unapoisha, hata kabla moto haujaonekana. Wewe kwenye skrini yako umeshatoka, seva inakuona bado umo. Kwa hiyo usisubiri kuona. Alama ikitokea, tembea. Utaonekana mwoga, utakuwa hai.

Umeme nao. Laptop ina betri yake, kinachokuua ni kisanduku cha intaneti. Vingi vinatumia volti 12, na kuna vibetri vidogo vya kuvichomeka vinavyokupa saa moja mbili. Nimevifunga kwa wateja wengi, havina ufundi mkubwa. Usijaribu kuhamia kwenye mtandao wa simu katikati ya bosi, maana ukibadilisha njia gemu inakutupa nje hata kama simu ina mistari yote. Maliza bosi kwanza, au waambie wenzako.

Hatua ya 4: Mkono wako unafanya nini ukishtuka?

Damu yako imeshuka ghafla hadi robo. Kuna watu wa aina tatu.

Wa kwanza anabonyeza kila kitu kwa pamoja. Binamu yangu huyo. Kwenye simu pia ikiganda anagonga kioo mara ishirini. Mtu wa namna hii anachoma kinga zote kwa bosi mdogo, na mkubwa anamkuta uchi. Hesabu inamwumbua: bosi anayepiga 10,000, ukiwa na Rampart, kinga ya asilimia 20, anakupiga 8,000. Ukiwa na kinga ya asilimia 30 peke yake, 7,000. Ukiwasha zote mbili pamoja utafikiri umepata asilimia 50, lakini ya pili inakata kilichobaki baada ya ya kwanza, kwa hiyo unapigwa 5,600. Umetumia kinga mbili kupata asilimia 44. Afadhali uziwashe moja baada ya nyingine, kila mara uwe umefunikwa na kitu.

Wa pili anaganda. Anatazama damu inavyoshuka kama anaangalia mpira kwenye televisheni. Huyu anahitaji tanki anayejitibu kwa kupiga tu, ili hata mkono ukisahau kinga, mazoea ya kupiga yamwokoe.

Wa tatu anahesabu. Ni wachache. Akipigwa anajua ni pigo gani, linarudi baada ya sekunde ngapi, na kinga gani imebaki. Huyo mpe yeyote.

Usijidanganye uko wa ngapi. Muulize mtu aliyewahi kukaa nyuma yako kwenye bodaboda.

Hatua ya 5: Matanki wenyewe

Kwenye Final Fantasy XIV wako wanne, na mhusika mmoja anaweza kuwa wote: ukibadilisha silaha umebadilisha kazi. Ndani ya jaribio la bure unawapata watatu.

Warrior ndiye ninayewapa watu wengi wa Kusini. Anaanza kama Marauder mjini Limsa Lominsa, mji wa bandari na maharamia, shoka mkononi, na levo ya 30 anakuwa Warrior. Vitufe vyake vya kuchomeka ni vichache. Nguvu yake iko kwenye mapigo makuu, kwa hiyo mtandao wa milisekunde 260 haumwibii kitu kikubwa. Levo ya 56 anapata Raw Intuition: kwa sekunde 6 kipigo kinapungua, na mapigo yake yanamrudishia damu. Ukiwa katikati ya maadui saba ukazungusha shoka, damu inapanda kama maji ya kisima cha masika. Ana Holmgang pia, levo ya 42, inayohakikisha kwa sekunde 10 damu yako haifiki sifuri, na inarudi kila baada ya dakika 4. Ni tanki wa aliyeganda na wa anayebonyeza ovyo vilevile.

Paladin anaanza kama Gladiator, mji wa jangwani wa Ul'dah. Upanga, ngao, utulivu. Levo ya 35 anapata Sheltron, kinga fupi inayolipwa kwa kipimo kinachojazwa na mapigo yako ya kawaida, hivyo inakuja mara kwa mara na haina uchungu ukiikosea. Levo ya 50 anapata Hallowed Ground: sekunde 10 hakuna kinachokupata kabisa, kisha unaisubiri dakika 7. Hapa mtandao una neno. Ukiibonyeza damu ikiwa kwenye pumzi ya mwisho, seva inaweza kukuua kwanza kisha ikapokea ombi lako. Nimekufa hivyo, maiti inang'aa. Ibonyeze damu ikiwa nusu, usione hasara. Paladin anamfaa anayehesabu na anayependa kuwalinda wengine, kwa maana ana njia za kumkinga mwenzake ambazo Warrior wa levo za chini hana.

Dark Knight, mwenye upanga wangu. Haanzii chini: unamfungua ukiwa umeshafika levo ya 50 na kuingia mji wa Ishgard, na yeye mwenyewe anaanza levo ya 30. Kinga yake inayosifiwa kila mahali ni The Blackest Night, ganda la robo nzima ya damu yako, na ukilipanga vizuri likavunjika, unalipwa pigo la bure. Watu wanaisifu, nami nikaisifu pamoja nao. Kumbe inakuja levo ya 70, ukomo wenyewe wa jaribio! Njia yote kabla ya hapo unatembea bila kile ulichomchagulia. Zaidi ya hayo mapigo yake mengi ni ya kuchomeka, na mtandao wa saa 3 usiku unayala. Ukimpenda, mpende ukiwa unajua hayo.

Wa nne, Gunbreaker, alikuja na nyongeza ya Shadowbringers mwaka 2019 na hayumo kwenye jaribio. Ndiye mwenye vitufe vingi vya kuchomeka kuliko wenzake. Kwa Mtwara, subiri hadi uwe na faiba inayotulia.

World of Warcraft ina sita. Nitawapitia kwa kasi, kwa sababu wengi mtaishia levo ya 20 kabla hamjalipa.

Guardian Druid anageuka dubu, vitufe vichache, ngozi nene inayoongezwa tabaka juu ya tabaka. Kwa mtandao unaochelewa, mimi ningeanzia hapa bila kufikiri mara mbili. Protection Warrior ana ngao na mwendo, ila inabidi uinue ngao kabla pigo halijafika, sio baada yake. Protection Paladin anasimama kwenye ardhi aliyoibariki na kurusha ngao inayokatiza wachawi waliokaa mbali, jambo linalofanya kuwakusanya maadui kuwa rahisi. Blood Death Knight anaogopwa na wanaoanza kwa sababu damu yake inapanda na kushuka kama bei ya korosho. Siri yake ni pigo la Death Strike, linalokurudishia damu kwa kuangalia ulichopigwa ndani ya sekunde 5 zilizopita. Kwa kuwa linaangalia nyuma, kuchelewa robo sekunde hakuliharibu sana. Brewmaster Monk hapokei kipigo chote kwa pamoja, anakigawa kidogokidogo kwa sekunde kadhaa, na rangi inakuonyesha deni lilivyo, kijani, njano, nyekundu. Anasamehe mtandao, hasamehi mtu mvivu wa kutazama rangi. Vengeance, tanki wa Demon Hunter aliyekuja na nyongeza ya Legion mwaka 2016, ana mabawa na pembe, anaruka mara mbili hewani. Najua unamtaka. Mimi nilichagua upanga, siwezi kukusema.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuoa

Usiingie na watu siku ya kwanza. Final Fantasy inakuwezesha kuingia mapango ya hadithi na wenzako wa kompyuta, wasiochoka na wasiotukana. Levo ya 15 pia kuna Hall of the Novice, vyumba vidogo vya mazoezi vinavyokufundisha kukusanya maadui. Ukimaliza unapewa pete inayoongeza kasi ya kupanda levo hadi ya 30. Wakubwa wanaipuuza. Ipitie. World of Warcraft nayo tangu 2024 ina mapango ya kuingia na wafuasi wa kompyuta.

Pango la kwanza la Final Fantasy linaitwa Sastasha, na mtu wa pwani atajisikia nyumbani: pango la bahari, maharamia, matumbawe ya rangi tatu. Kuna kikaratasi chenye damu kinachokuambia uguse tumbawe la rangi gani. Ingia mara tatu, na kila mara uwe na kazi moja tu.

Mara ya kwanza, tazama daftari la chuki peke yake. Upande wa kushoto wa skrini kuna orodha ya maadui wenye alama. Nyekundu maana yake anakutazama wewe. Lengo ni orodha nyekundu tupu. Usijali kinga.

Mara ya pili, kinga. Kundi kubwa likija washa Rampart maadui wakishasogea karibu, damu ikiwa bado imejaa. Ikiisha, subiri irudi. Hesabu kwa sauti kama uko peke yako chumbani. Mimi duka langu ni la mabati, jirani anajua Rampart yangu inarudi baada ya sekunde 90.

Mara ya tatu, macho mbali na vitufe. Bosi wa mwisho wa Sastasha anaita wasaidizi kutoka kwenye vifuniko vya chuma sakafuni. Maji yanaanza kuchemka kwenye kifuniko kimoja kabla hawajatoka, na mtu akikigusa mapema hawatoki. Wakitoka, wanamkimbilia mganga, kwa sababu uponyaji wake ndio deni pekee waliloandika. Ukiona povu kabla ya kuambiwa, wewe ni tanki. Ukigundua mganga ameshalala, rudia.

Baada ya mara hizo tatu, jiulize ni kitufe gani hukukibonyeza hata mara moja. Kila mtu ana kimoja. Kama ni kinga, umechagua asiyeendana na mkono wako, na huu ndio wakati wa kumbadilisha, levo ya 17 kabla hujamwekea moyo. Binamu yangu aliingia na Gladiator. Mapango matatu hakuinua kinga hata moja kwa wakati wake, zote zilichomwa sekunde ya kwanza. Nikampa shoka. Akasema, "Kaka, hili hata silielewi, mbona sifi?" Nikajua tumemaliza.

Usiku wa kwanza na watu

Sema mapema kwamba wewe ni tanki mgeni. Kama Kiingereza kinakukwama, gemu ina kamusi yake: bonyeza Tab ukiwa unaandika, chagua salamu au samahani iliyokwisha tafsiriwa, na Mjapani na Mjerumani kila mmoja anaisoma kwa lugha yake. Kiswahili hakimo. Kuwa mgeni si mkosi kwa wenzako pia, kwani kundi likiwa na mtu ambaye hajawahi kumaliza pango hilo, wote wanaongezewa malipo.

Vuta kundi moja la maadui, si matatu, hata kama mpigaji mmoja anakimbia mbele kukuharakisha. Akivuta mwenyewe mara moja, mchukulie adui. Akirudia, mwache aonje kidogo kisha mchukue. Tazama bwawa la nguvu la mganga kabla ya kila mlango. Likiwa chini ya nusu, simama unywe maji. Mtandao ukianza kuruka, andika neno moja, "lag", wanalijua dunia nzima, na rudi nyuma usubiri. Usiku ule wa maiti tatu sikuandika kitu. Niliendelea kubonyeza skrini iliyoganda, nikijipa moyo, na ilipofunguka nilikuwa nimesimama peke yangu mbele ya bosi aliyeshiba.

Upanga mweusi bado ninao kwenye sanduku la silaha. Siku nyingi napiga shoka. Lakini usiku wa manane, mtaa umelala, sanamu la mazoezi likinipa vitufe viwili bila kujivuta, huwa nautoa.